Mkono wa Margareta kwenye Antena

Tangu wakati wa kupalilia mnanisumbua: bibi andika, bibi andika habari za Hilary. Shule nilikaa miaka miwili tu, na macho yenyewe haya. Lakini nyie wenye kalamu hamkuwepo siku ile, basi kaeni kimya nimalize.

Hilary ni fundi mitambo katika kituo kimoja cha redio kule Ifakara. Amemwoa Careen, binti wa mdogo wangu Margareta wa hapa Mchombe. Kijana mzuri, ila akishajua jambo, hata Mungu anapaswa kumwomba ruhusa alibadilishe. Miaka minne aliwaambia wakubwa wake, "Mchombe tunasikika vizuri, nimesikia kwa masikio yangu ukweni." Na sisi miaka minne tunasikia mafuta yakikaangwa. Wakitangaza mto umejaa, huku ni chwaa, mpaka maji yenyewe yaje kututangazia.

Tukalalamika mpaka kituo kikamtuma Hilary akapime. Mawimbi yakiwa hafifu, tutajengewa mnara mdogo wa kuyasukuma. Yakiwa na nguvu, tuusahau.

Akaja Jumamosi, pamoja na Careen. Akatafuta uwazi nyuma ya nyumba ya Margareta, mbali na mabati na nyaya za umeme. Akasimamisha miguu mitatu ya mbao, juu yake fimbo ya chuma yenye urefu wa mkono. Shinani mwa fimbo palikuwa na kikopo kinachokuza mawimbi, nacho kinakula betri. "Bila betri," alisema, "hii ni fimbo ya kufukuzia kuku." Akavuta waya hatua kumi mpaka kwenye mita ya kupimia mawimbi, akachuchumaa.

"Jamani, kaeni mbali. Mwili wa mtu unaharibu kipimo."

Tukakaa mbali. Margareta alikuwa jikoni, hakusikia. Alitoka, akamwona mkwewe amekunja uso mbele ya mita, akaenda moja kwa moja akaishika ile fimbo.

Namba zikapanda. Hilary akachangamka. "Si nilisema!" Akachomoa kalamu, akainua macho, akamwona mama mkwe wake, mfupi kama kinu, ameng'ang'ania antena.

Sasa hapo! Huku kwetu mkwe hamwambii mama mkwe "toka hapo". Hilary akakohoa. Akaisemesha fimbo: "Wewe antena, hebu simama peke yako kama mtu mzima."

Margareta naye akaijibu fimbo: "Mwambie bwana wako, nikiachia utakoroma. Kila akija kunisalimia, nani anakaa na mkono kwenye antena ya redio ili mgeni asikie vizuri? Miaka minne! Vidole vimekufa ganzi."

Kalamu ikasimama hewani. Hilary aliiangalia ile namba kubwa. Angeiandika, majigambo yake yangebaki mazima, na Ifakara nani angejua?

"Mama," akasema, macho chini, "nakuomba uachie. Na usogee. Hatua kumi."

Careen akaziba mdomo kwa khanga. Margareta akamtazama mkwewe, akazihesabu hatua kwa sauti, akaongeza ya kumi na moja kwa kiburi.

Namba zikaanguka kama embe bovu. Hilary akahamisha miguu ya mbao mara tatu, akapima mara tatu, zikakataa kupanda. Akaandika ile ndogo. Chini yake akaandika kwamba aliyoyasema miaka yote hayakuwa sahihi, na uso wake wakati anaandika ulikuwa wa mtu anayekunywa mwarobaini.

"Kumbe mnara wa Mchombe ni mimi!" Margareta akapiga makofi. "Basi wakija kujenga, baba, wasijenge kupita urefu wangu."

"Shikamoo, mnara," akasema Hilary.

"Marahaba. Ingia ule."

Nguzo za mnara zililetwa kabla ya masika, na redio sasa inasema yenyewe.

Nimeandika. Sasa zamu yako, mjukuu wangu unayesoma. Nenda kwa mama yako, mwambie atoe mkono kwenye antena, kaa usikie anachosikia yeye ukiwa hupo. Kisha uniandikie, kwa herufi kubwa.