Mnofu Usio na Macho

Kazini walimwita Pua, na jina hilo aliliona kama cheo. Miaka ishirini na minane alisimama kwenye mlango wa nyuma wa ghala la samaki, aproni ya mpira ikimfika miguuni, na hakuna kreti iliyoingia kabla hajaiinamia. Alifunua tamvua, lile shavu la kupumulia la samaki, kwa kidole gumba, akavuta pumzi mara moja, akafumba macho. Kisha lilimtoka neno moja kati ya mawili: "Mpokeeni," au "Mzikeni."

La pili alilisema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. Wachuuzi waligeuza kreti zao huku wapakuzi wakiwacheka. Mama mmoja aliwahi kumsihi anuse tena, kwani wa chini walikuwa wazuri. Pua akamjibu kwamba maiti haamki kwa kubembelezwa. Tajiri mwenye ghala alicheka mpaka akatoa kitambaa kufuta macho.

Neno hilo alirudi nalo nyumbani. Mkewe akipakua mchuzi uliozidi chumvi mbele ya wageni, alisikia, "Mzikeni." Akitoka jikoni, mumewe alijibana pua kwa vidole viwili na kuuliza nani ameacha mlango wa ghala wazi. Wageni walicheka kwa adabu. Mke naye alicheka, tena aliwatangulia, ili mambo yaishe upesi.

Miezi mitatu iliyopita Pua alishikwa na mafua makali. Mafua yalipoondoka, yaliondoka na harufu zote za dunia. Asubuhi moja wali uliungua jikoni hadi moshi ukagusa dari, naye amekaa hatua mbili kutoka jikoni, mgongo ameupa mlango, akisoma gazeti. Mkewe alizima jiko, akasimama akimtazama.

"Baba, kumbe husikii harufu?"

Pua alimshika mkono. Akamwomba asimwambie mtu yeyote, hata watoto. Tajiri akijua, mlango ule hauwi wake tena, na yeye bila mlango ule angekuwa mzee tu mwenye aproni. Mkewe hakukumbuka lini aliombwa kitu na mtu huyu. Aliitikia kwa kichwa, akaenda kukwangua ukoko.

Kazini Pua alitumia macho. Samaki wa leo jicho lake hung'aa, tamvua ni jekundu, mwili ukibonyezwa hurudi. Bado alivuta pumzi na kufumba macho, kwa ajili ya watazamaji, na hakukosea hata mara moja.

Ndipo ikaja Jumapili ya bakuli. Binti yao wa mwisho, mpishi wa mkahawani, alikuwa na mtindo wa kuwaandalia chakula alichokiita poke: wali chini, juu yake samaki asiyeguswa na moto, kisha chochote ambacho msimu umeleta. Safari hii msimu ulileta matango membamba, maembe na maparachichi. Samaki angeletwa na mjomba wake, mdogo wa mama yake. Shemeji huyu alibeba kreti chini ya Pua miaka tisa, akingoja mlango ule. Alikuja na kifurushi cha barafu, na nyuma yake alikuja tajiri, amealikwa, eti aonje chakula cha vijana.

Shemeji alikifungua kifurushi juu ya ubao. Alikuwa nguru, lakini hakuwa mzima. Ulikuwa mnofu mtupu, umechunwa ngozi, umeoshwa kwa maji ya chumvi, umekakamaa kwa barafu. Pua aliutazama. Mnofu hauna jicho. Hauna tamvua. Alibonyeza kwa kidole. Nyama ikarudi, ngumu kwa baridi.

Binti alirudi nyuma hatua moja, kisu mkononi. Alimtazama baba yake, akamtazama mama yake, ambaye alikuwa anamenya tango bila kuinua kichwa.

"Haya, shemeji," alisema yule mdogo wa mkewe, "tupe neno."

Pua aliinama. Alivuta pumzi, akafumba macho, na ndani palikuwa peupe kama ukuta uliopakwa chokaa jana.

"Wa alfajiri ya leo," akasema. "Mpokeeni."

Binti alikata vipande, akavimwagia ndimu, mafuta ya ufuta na pilipili, akapakua mabakuli matano. Alianza kusema, "Baba, usi..." Mjomba wake akamkatisha kwamba mkubwa ndiye huanza.

Pua alianza. Aliusikia ubaridi, aliusikia ulaini wa embe na tango likivunjika menoni. Kijiko cha tatu ndicho kilichomwonyesha kwamba chake tu ndicho kinachotembea. Tajiri alikuwa na kitambaa puani, kile kile cha kufutia macho.

"Wa Jumatano, mzee," alisema shemeji taratibu. "Paka wangu alimkataa."

Pua alihesabu waliojua siri yake. Hesabu haikuvuka mmoja. Alimgeukia mkewe. Naye alikuwa anapanga maganda ya tango kwenye sahani, refu na refu, fupi na fupi.

Angeweza kuweka kijiko chini. Lakini kukiweka ni kukiri, kwa hiyo alikula, punje kwa punje, mpaka bakuli likang'aa. Tajiri alisimama. Akasema kwamba kesho shemeji ashike mlango, na kwa mzee kuna nafasi ya kufungulia magari geti. Huko hakuna haja ya kunusa. Akaondoka bila kuaga.

Mke alikusanya mabakuli manne yaliyojaa, akampa binti.

"Mzikeni," alisema. Hakupaza sauti. Barabarani hakuna aliyesikia.

Kisha alirudi na nusu ya ndimu, akaiweka mbele ya mumewe.

"Osha mikono, baba. Unanuka."

Pua aliinua vidole vyake hadi puani, akavuta pumzi mara moja, akafumba macho.