Sarafu ya Fundi Sikio

Fundi Sikio hakuwa na duka la kumtambia mtu. Alikuwa na chumba kimoja cha mbele ya nyumba yake, mlango wa bati, matairi yametundikwa ukutani kama bangili za jitu, na kiti cha plastiki chenye mguu uliofungwa waya, ambacho alimpa mteja aliyemchosha ili asikae sana.

Jina lile hakujipa mwenyewe. Alipewa na wateja kwa ajili ya tabia yake moja: hakumwambia mtu anunue baiskeli iliyotumika kabla hajaigonga. Mfukoni alikaa na sarafu nzito ya zamani, ile ambayo hata ombaomba angekurudishia kwa heshima, na kwa ukingo wake aligonga fremu kuanzia shingoni hadi mkiani, kidogo kidogo, kichwa amekiinamisha kama mtu anayesikiliza majirani wakigombana. Bomba zima, alisema, hulia na mlio ukabaki hewani kidogo. Bomba lenye ufa hulia likanyamaza papo hapo, kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Watu walitoka mbali kuja kumchukua akawagongee.

Mpwa wake, binti wa dada yake, alikuwa akifanya kazi kwenye duka la kuchapa mabango. Siku sita za wiki alikuwa mtu wa akili timamu. Ya saba alipanda kilima cha nyuma ya mji na kujiteremsha na baiskeli ya kuazima kwenye njia ya mawe na mizizi, kwa hiari yake, bila kufukuzwa na mtu. Sasa alitaka ya kwake, na mama yake alikubali kwa sharti moja tu.

"Mjomba wako aigonge kwanza," alisema. "Akisema nzima, nitakuacha uende. Akisema mbovu, na wewe ubaki hapa tuchambue mchele."

Baiskeli yenyewe ilikuwa ya daktari wa meno, mtu mpole mwenye vidole visafi, aliyeiweka kwenye banda la gari na kuifunika shuka. Alikuwa anaiuza kwa sababu ya goti. Alipoifunua shuka, binti aliguna kama mtu aliyeonyeshwa mchumba.

"Usiipende bado," mjomba akamnong'oneza. "Ukiipenda, utaanza kuitetea."

"Sijaipenda."

"Umeshika siti yake tangu ilipofunuliwa."

Binti akaiachia siti.

Fundi alianza kwa macho na mikono. Alizungusha magurudumu, akatazama kama rimu inayumba. Alibana breki na kuisukuma baiskeli mbele kwa kifua. Alipitisha kucha kwenye miguu ya uma wa mbele, pale panapoteleza kumeza matuta, akitafuta mchubuko, hakuna. Alishika gurudumu la nyuma akalitikisa kushoto na kulia, asikie kwa kiganja kama bawaba za shokapu zimelegea, zilikuwa zimekaza vizuri. Akaigeuza juu chini, akanusa hata beringi. Ilikuwa safi mno, lakini daktari wa meno ni daktari wa meno, huenda anasugua kila kitu.

Kisha akatoa sarafu.

Aligonga shingo ya fremu. Aligonga bomba la juu. Aligonga la chini, kwenye maungio, kote. Kila mahali sauti ilikuwa moja: tu, tu, tu. Mlio ule wa kubaki hewani haukuja. Akadhani ni banda. Akaenda akagonga komeo la mlango, chuma kinene ambacho hakingeweza kuwa na ufa. Tu.

Akasimama pale mlangoni, mgongo amewageuzia.

Ukweli ni kwamba alijua. Tangu mwanzo wa mwaka alikuwa anajua, kwa namna ile mtu anavyojua kuna kitu kimeoza kabatini na bado halifungui. Kwanza walipotea ndege waliolala juu ya bati lake. Akasema wamehama. Siku moja akamwambia mkewe kwamba ndege wamehama, mkewe akamtazama, akamtazama tena, akamwonyesha kinyesi kibichi kwenye ngazi. Baadaye birika liliacha kupiga filimbi. Sauti nene zilikuwepo zote: magari, mlango, dada yake. Nyembamba ndizo zilizoondoka, moja moja, bila kuaga. Na mlio wa sarafu ni mwembamba.

"Vipi, mjomba?" binti akauliza nyuma yake.

Macho hayakuona kasoro. Mikono haikuona kasoro. Neno "nzima" lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, limevaa viatu. Alikuwa na miaka mingi ya kuaminiwa, na mtu mzima hapendi kuitwa Sikio kwa dhihaka. Akageuka, akamwona mpwa wake amerudi kushika siti, anaipima na kiuno chake, anajiona tayari kule juu.

"Njoo," akasema. "Shika sarafu."

"Ya nini?"

"Gonga wewe. Mimi sisikii."

Binti akacheka, kwa kuwa mjomba alikuwa mtu wa utani. Mjomba hakucheka. Kicheko kikamwishia binti njiani.

Daktari wa meno akasogea. "Hata mimi," alisema, akigusa sikio lake. "Ile mashine ya kutobolea meno. Imenila upande huu. Wagonjwa wanalalamika, mimi natabasamu tu, wananiona katili."

"Na jino lenye ufa unalijuaje?" fundi akauliza.

"Naligonga. Halafu naangalia uso wa mwenye jino."

Fundi akalitafakari hilo kidogo, akampeleka binti kwenye fremu. "Gonga, sikiliza mwisho wa sauti. Mwanzo hauna maana. Mwanzo zote zinafanana, kama watu siku ya kwanza kazini. Sikiliza mwisho."

Binti akafumba macho. Akagonga shingo, akagonga bomba la juu, akaanza kuitikia kwa kichwa taratibu: huo mwisho aliusikia. Akashuka nalo bomba la chini, akapita, akafika karibu na bawaba ya nyuma. Akagonga. Akarudia. Paji la uso likakunjamana.

"Hapa ni kama mtu ameweka kidole juu yake."

Palikuwa na stika ya kuzuia mawe, ya plastiki, imekaa kwa adabu. Mjomba akaibandua kwa ukucha. Chini yake hapakuwa na kitu. Akapangusa kwa kitambaa, akainamisha tochi ya simu pembeni, na hapo ukaonekana mstari, mwembamba kuliko unywele, ukiizunguka nusu ya bomba. Akaupitia kwa ukucha. Ukucha ukanasa.

Daktari wa meno alikaa juu ya debe la rangi. "Nimeteremka nayo mwezi uliopita," alisema polepole. "Mara mbili." Kisha akaongeza, kwa aibu, "Ningeweza kupunguza bei."

"Daktari," binti akasema, "ungeniwekea jino lenye ufa kwa nusu bei?"

"Hapana."

"Basi."

Walirudi kwa miguu. Binti alitembea kama mtu aliyetoka kumzika mchumba yule yule. Njiapanda akauliza, "Tangu lini, mjomba?"

"Tangu ndege wahame."

"Na baiskeli ngapi umewagongea watu tangu hapo?"

Hilo ndilo swali alilokuwa analikimbia tangu bandani. "Tatu," akasema. "Ya mwoka mikate, ya kinyozi, na ya yule mwalimu wa michezo. Zote nilisema nzima."

"Wanateremka nazo?"

"Kesho, kule kilimani. Kama wewe."

Akatoa simu, akaitazama, akampa. "Wapigie. Na hiyo nayo siku hizi inanong'ona."

Mwoka mikate alikuwa karibu zaidi. Walimkuta uani kwake, unga hadi kwenye nyusi, akaitoa baiskeli bila kuelewa. "Fundi, si ulishaigonga hii?"

"Niliigonga. Sikuisikia."

"Sikio, hukusikia?"

"Kawaambie na wengine," fundi akasema. "Lakini subiri kwanza."

Binti akapiga magoti, akafumba macho, akaanza shingoni. Fundi Sikio alichuchumaa upande wa pili. Miaka yote alikuwa anaitazama baiskeli. Safari hii hakuitazama. Alilitazama paji la uso la mpwa wake, kila pigo, akingoja kuona kama litakunjamana. Lilibaki laini mpaka mkiani.

"Nzima," binti akasema.

Fundi akashusha pumzi, akainuka kwa kushika magoti. Zilibaki mbili.