Glory na Unga wa Ndizi Mbele ya Kamera

Niliondoka Singida kwa sababu dada yangu alikuwa ametoka kujifungua, na mumewe, shemeji Elia, alikuwa mlimani akibeba mizigo ya wageni. Binti yao Glory, wa miaka kumi na sita, alikuwa ameingia fainali ya shindano la televisheni la vijana wafanyabiashara, na kila mshiriki alitakiwa kusimamiwa na mtu mzima wa familia.

Alhamisi mchana nilifika Marangu. Glory alikuwa jikoni akichekecha unga wa ndizi alizozikausha mwenyewe.

"Shikamoo mama mdogo. Usikae hapo, utakuwa mweupe."

Nilikaa hapo hapo, nikamsaidia kufunga pakiti.

Ijumaa tulishuka sokoni Kwa Sadala, washiriki wakauza huku kamera zikiwafuata. Bibi mmoja alionja uji wa Glory.

"Umeungua kidogo, mwanangu."

Glory akaonja, akakubali, akaupika upya. Bibi akanunua pakiti mbili.

Jumamosi, ukumbini Moshi, kabla hajapanda jukwaani, mwongozaji wa kipindi alimwita pembeni. Alikuwa kijana mpole tu. "Sema baba aliwatelekeza. Watazamaji wataguswa, watakupigia kura."

Glory aliniangalia. Zawadi ilikuwa mashine ya kusaga, na nilitamani sana aipate. Nikanyamaza.

"Baba hajatutelekeza, kaka," alisema. "Yuko kazini."

Jukwaani aliwaeleza majaji jinsi baba yake alivyomtengenezea chanja ya kukaushia ndizi. Akawa wa tatu. Mashine ilikwenda kwa msichana wa Chekereni aliyeuza vitumbua vya mchele wa kwao, vitamu kweli.

Jumapili tulipotoka kanisani tulimkuta shemeji ameshuka, midomo imepasuka kwa baridi.

"Mashine nimeikosa, baba," Glory alimwambia. "Walitaka niseme umetukimbia."

Shemeji aliendelea kufungua kamba za viatu. "Ukasemaje?"

"Nikasema uko kazini."

Shemeji aliingia ndani, akatoka na panga. "Kuna mkungu umekomaa kule nyuma. Njoo tukaukate."

Wakaongozana migombani, na muda si mrefu nikasikia wakicheka.

Jumatatu nilirudi Singida. Wanangu waliniuliza dada yao alishinda nini. Niliwaeleza yote, pamoja na nilivyonyamaza pale ukumbini. Nilikuwa nimetumwa kumsimamia mtoto, na nilichojifunza ni kwamba alishajua kusimama.