Siku Nne za Kekele Mguuni

Kabla sijapoteza mguu, kazi yangu ilikuwa kuwaambia watu jinsi maji yatakavyokuwa. Nilizaliwa kando ya maporomoko ya Kisangani, katika familia ya wavuvi wanaosimamisha nguzo katikati ya mkondo na kuning'iniza mitego mikubwa ya vikapu. Anayekosea saa ya kupanda nguzo hizo huenda asirudi nyumbani. Kwa hiyo kila asubuhi, kukipambazuka, nilishuka hadi kwenye mwamba mmoja unaochomoza mtoni kama pua, nikatazama wimbi linavyopasuka pale, kisha nikarekodi sauti kwenye simu na kuituma kwenye grupu yetu. Wavuvi waliisikiliza, wapiga kasia wanaovusha watu kwenda Lubunga waliisikiliza, hata akina mama wanaofua nguo kwenye mawe ya chini. Waliniita Papa Météo, baba wa hali ya hewa.

Haikuwa uchawi, na yeyote mwenye subira angeweza kujifunza. Wimbi likipasuka jeupe juu ya pua, nawe ukavuta pumzi nne kabla ya jingine kufika, maji yako kwenye kimo kizuri. Pumzi zikipungua, maji yanapanda. Ikiwa wimbi halipasuki tena, maji yanapita laini juu ya mwamba kama mafuta ya mawese, mgeni atasema mto umetulia. Mimi siku hiyo nilikataza watu wote. Mwamba umezama, na nguvu yote iko chini. Nikishatazama pua, nilimpigia binamu yangu anayekaa Ubundu, juu ya mto, kumuuliza kama mvua imenyesha, kwa kuwa maji ya kwao hutufikia baada ya siku moja na nusu hivi. Mwisho nilitazama mawingu ya mashariki, maana dhoruba zetu hutoka huko.

Nilikuwa na miaka arobaini na mitatu, mwili mzima. Sikuwahi kulala hospitalini hata siku moja.

Ujumbe wa siku niliyoumia bado ninao kwenye simu. Nilisema: "Bon, bandugu, maji iko muzuri mpaka saa sita. Juzi mvua ilinyesha Ubundu siku muzima. Nyuma ya saa sita pua itazama, na saa nane upepo wa mashariki utakuya. Mwenye kikapu ku mustari wa katikati, atoke mbele ya saa sita."

Walitoka wote, isipokuwa tonton Anselme. Tonton ni mdogo wa marehemu baba yangu. Yeye ndiye aliyenilea na kunifundisha kufunga nguzo, na hakuna mtu kwetu anayefunga kama yeye. Alifika kwa kuchelewa, kikapu chake kikiwa kimeng'oka upande mmoja, akaniomba nipande nikishike wakati anakifungua. Saa sita ilikuwa imepita. Niliijua saa vizuri kuliko mtu yeyote pale. Nikapanda, kwa sababu kwetu mtu hamwambii tonton wake kwamba amechelewa.

Gogo lililoletwa na maji ya Ubundu liligonga nguzo niliyosimamia. Nilianguka katikati ya nguzo mbili, mguu wa kulia ukanaswa chini ya goti, na mwili ukavutwa na mkondo huku mguu umebaki. Nilisikia mfupa ukivunjika kama kuni kavu. Wenzangu walinitoa. Ngozi haikupasuka, damu haikutoka. Mguu ulipinda tu mahali ambapo haupaswi kupinda.

Mke wangu, Régine, alikuja mbio akasema tutafute njia ya kunifikisha hospitalini. Tonton alikuwa tayari anapima vijiti.

"Hôpital watamukata mguu," akamwambia. "Huku siye tunafungaka. Ulishaona nguzo yangu gani imeanguka?"

Watu wakacheka kidogo, nami nikacheka pamoja nao huku nimeuma meno. Tonton alinyoosha mfupa kwa mikono yake, akaweka vijiti vinne kuuzunguka mguu, kisha akafunga kwa kekele.

Kekele ni mmea wa kutambaa wa msituni ambao tunafungia nguzo na mitego. Kwanza hulowekwa majini. Ukiufunga ukiwa umelowa, unalainika mkononi na kukufuata unapotaka. Unapokauka unajivuta na kukaza, na kadiri unavyokauka ndivyo unavyoshika. Kwa sababu hiyo nguzo zetu zinasimama katika maji ambayo yangebomoa nyumba ya matofali. Kila mvuvi aliyekuwa pale alijua jambo hilo tangu utotoni. Tulimtazama tonton akichovya kekele ndani ya ndoo na kuzungusha mizunguko tisa kwenye mguu wangu, na tukasifu. Mmoja alisema, "Hii haitatoka hata na kiboko." Hatukukumbuka, hata mmoja wetu, kwamba nguzo haivimbi.

Kesho yake tonton alishuka mto na pirogi, mtumbwi wake, kwenda Yanonge kwenye matanga ya shemeji yake. Alisema atarudi baada ya siku tano, na mguu usiguswe. Katika familia yetu fundo la mtu hufunguliwa na aliyelifunga. Mwingine akilifungua na mtego ukaenda na mtu, damu iko juu ya mkono uliofungua. Sheria hiyo ni nzuri mtoni. Imeokoa wengi, na sitaitukana.

Siku ya pili maumivu yalihama. Mfupa haukuuma sana tena. Iliuma nyama ya nyuma, kama mtu anaikamua kwa mikono miwili bila kupumzika. Ngozi iliiva na kung'aa, ikajitokeza katikati ya mizunguko ya kekele kama kwanga, mkate wa muhogo wa kufungwa majanini, iliyobanwa na kamba yake. Vidole vilikuwa baridi. Régine aliviweka kati ya viganja vyake kuvipasha moto, havikupata moto. Nami muda huo nilikuwa kitandani na simu, namwomba jirani aliyeshuka kwenye pua avute pumzi na kuhesabu, kisha natuma hali ya maji kama kawaida. Watu walifurahi. Waliandika kwamba Papa Météo analala nyumbani na bado anaona wimbi.

Sehemu inayofuata niliiruka kila nilipotoa ushuhuda huu kanisani. Leo siiruki.

Mchana wa siku hiyo ya pili Régine aliingia na kisu cha kukatia pondu, majani ya muhogo. Alikuwa amekinoa, nilisikia akikinoa nje na sikufikiri chochote. Akapiga magoti kando ya kitanda, akaingiza ncha chini ya mzunguko wa kwanza.

"Hapana, Régine. Weka kisu."

"Vidole yako iko nyeusi."

"Ni damu ya kuumia. Tonton atakuya, atafungua yeye mwenyewe."

"Tonton iko Yanonge anakula matanga. Mimi niko hapa."

Nikamshika mkono. Nilikuwa na homa, lakini bado nilikuwa na nguvu kumzidi, na nilimkaza mpaka akaachia kisu. Nikamwambia maneno ambayo sitayaandika yote. Nilimwambia kwamba yeye si wa ukoo wetu na hajui nini maana ya fundo. Kisha akaokota kisu akarudi jikoni, na jioni tulikula pondu.

Siku ya tatu maumivu yalikoma. Nilishukuru Mungu kwa sauti. Nilituma ujumbe kwamba ninapona, watu wakajibu amina, amina. Ninyi mnaosoma haya, nisikilizeni hapa: mguu uliovunjika ambao unaacha kuuma ghafla, huku vidole ni baridi na havijisogezi, haujapona. Umekufa. Mimi niliyewaambia watu kila asubuhi wasiamini maji yanayopita laini, niliuamini mguu wangu mwenyewe kwa kuwa ulinyamaza.

Siku ya nne harufu ilikuja. Nzi waliijua kabla yangu. Vidole vilikuwa vyeusi kama makaa, na malengelenge yenye maji ya rangi ya chai yalijitokeza juu ya kifundo. Régine safari hii hakuniuliza. Aliita toleka, baiskeli ya kubebea watu, akanikalisha nyuma kwa msaada wa jirani. Mwenye baiskeli akaisukuma kwa mikono, Régine akatembea kando ameubeba mguu wangu kwa kitenge. Tulipita sokoni hivyo. Watu walitupisha kwa sababu ya harufu.

Hospitalini muuguzi alishindwa kukata kekele kwa mkasi. Walileta msumeno mdogo wanaokatia plasta. Mizunguko ilipoachia, mguu ulibaki na mifereji tisa, na hakuna damu iliyorudi. Daktari alikuwa mwanamke kijana, mpole. Aliniambia kwamba mfupa wenyewe haukuwa na shida kubwa, ungepona kwa plasta na miezi michache. Kilichokufa ni nyama, kwa sababu damu ilikosa njia ya kupita.

Nikamuuliza, kama ningekuja siku ya pili?

"Siku ya pili, papa, labda ungetembea."

Aliokota kipande cha kekele sakafuni, akakigeuza. Akasema aliyefunga hii anajua kufunga. Hakusema kwa kudharau. Kesho yake walikata juu ya goti.

Nililala pale majuma saba. Kidonda kilitunga usaha mara mbili, wakakifungua, wakakisafisha, nikalia kama mtoto mbele ya wagonjwa wenzangu bila aibu. Kidole gumba ambacho sikuwa nacho kiliniwasha kila siku. Nilinyoosha mkono kukikuna, nikakuta shuka. Régine alinipikia kwa jiko la makaa uani, akaosha kidonda pamoja na wauguzi, akanishika kiuno nilipojifunza magongo. Mwanzoni nilianguka kila siku. Baadaye nilianguka mara moja kwa juma. Nawaambia haya ninyi mlio kwenye kuanguka kila siku, kwa sababu mimi hakuna aliyeniambia kwamba kunapungua.

Tonton aliporudi kutoka Yanonge, alikuja wodini. Alisimama miguuni pa kitanda, akaangalia mahali shuka lilipolala chini. Nilingoja aseme neno. Akasema:

"Nani alifungua?"

Régine alikuwepo. Alimjibu kwamba walifungua hospitali. Tonton hakumtazama. Aliondoka, na kabla ya juma kuisha ilikuwa imeenea kando ya mto mzima kwamba mguu ulikuwa unapona vizuri hadi mkono wa mwanamke ulipogusa fundo. Wauza samaki waliacha kumuuzia mke wangu. Mmoja alimwambia mbele ya watu aende akanunue samaki wa kopo. Mimi nilisikia hayo yote, na sikusema kitu. Nilikuwa mgonjwa, ndivyo nilivyojitetea. Kisha nikapona, na bado sikusema.

Kanisani walinialika nishuhudie. Nilieleza gogo, kekele, toleka, msumeno, na jinsi Mungu alivyonirudishia uhai. Watu walipiga makofi, mama mmoja akaanzisha wimbo. Nilishuhudia hivyo mara tatu katika parokia tatu, ndani ya miaka miwili. Mara zote Régine alikaa benchi la mbele, mikono mapajani. Baada ya mara ya tatu, tukiwa nyumbani yeye akitwanga pondu, akasema bila kuacha mchi:

"Unasimuliaka muzuri. Siku ya kisu tu ndiyo unarukaka."

Akageuza majani kwenye kinu, akaendelea:

"Banasema ni mukono wangu ulikuua mguu. Mutu mumoja tu anajua ulikuwa mukono wa nani. Na huyo anapigiwa makofi."

Wakati huo nilikuwa nimerudia kazi. Siwezi kushuka kwenye mwamba uliolowa, basi nakaa juu ukingoni, na Régine ndiye anayeshuka hadi karibu na pua na kunihesabia pumzi. Asubuhi iliyofuata alihesabu tatu. Nilirekodi: maji yanapanda, binamu wa Ubundu amesema mvua ya siku mbili, mstari wa katikati usipandwe leo. Kisha sikuachia kitufe. Nilisema kwamba siku ya pili ya ugonjwa wangu mke wangu alitaka kukata kekele, na angeniokoa mguu, na mimi ndiye niliyemnyang'anya kisu. Nilisema hakuna aliyegusa fundo hadi mguu ulipokwisha kuoza. Nikatuma.

Kwa kawaida wanajibu mara moja, wanatania, wanauliza habari za upepo. Asubuhi ile walinyamaza. Baada ya muda kikatokea kijistari kwenye simu kwamba tonton Anselme ametoka katika grupu. Hajarudi mpaka leo, na hanisalimu. Wawili au watatu kati ya wauza samaki wamerudi kumuuzia Régine. Wengine hawajarudi. Yeye alisikiliza ujumbe wangu mara mbili, akanirudishia simu, akasema nimechelewa miaka miwili. Ni kweli.

Namshukuru Mungu kwamba ninaishi. Nawashukuru muuguzi aliyehangaika na mkasi, na daktari aliyeniambia ukweli bila kunitukana. Namshukuru jirani, na mwenye baiskeli aliyevumilia harufu yangu njia nzima. Tonton simshukuru, wala simchukii kama zamani. Alinifunga kwa ujuzi wote alionao. Régine namshukuru hapa, kwa maandishi, ili jambo hilo lisiweze kurukwa tena.

Na wewe unayesoma haya ukiwa umefungwa mahali popote mwilini, kwa kekele, kwa kitambaa au kwa plasta ya hospitali, acha kusoma kidogo utazame vidole vyako. Bonyeza ukucha mpaka uwe mweupe, kisha uachie. Rangi inapaswa kurudi kabla hujamaliza kutaja jina lako. Jaribu kuvisogeza. Viguse uone kama ni vya moto. Kama rangi hairudi, au vimekufa ganzi, mwambie aliye karibu nawe afungue sasa hivi, kisha akupeleke hospitali. Usimuulize ni wa ukoo gani.