Mchonga mawe aliyesomewa jina lake

Saa moja asubuhi mjini Gaya. Jagesar Mistri, mwenye miaka hamsini na minne, ameinamia bamba la marumaru, nyundo mkononi. Anachonga neno moja: smriti. Ni Kisanskriti, maana yake kumbukumbu, yale walio hai wanayoyashika kuhusu aliyeondoka. Wahindu huja hapa kuwafanyia marehemu wao ibada, na kila jiwe lina neno hilo, kwa hiyo hulichonga kabla mteja hajafika.

Jagesar hajui kusoma. Hufuata herufi ambazo mchoraji amezichora kwa chaki, ila ana sharti: kabla hajagusa jina, mteja alisome kwa sauti.

"Nikikosea, marehemu hawezi kuja kulalamika," ananitania mimi, mgeni wake ninayekunywa chai pembeni.

Mteja wa leo ni Sunaina, mwalimu wa miaka ishirini na mitatu kutoka kando ya mto Kosi. Jiwe lake litawekwa kwenye pampu ya maji kijijini, kumkumbuka baba yake.

"Soma, binti."

"Jagesar, mwana wa Nathuni, wa Belahi."

Nyundo inamponyoka: ni jina lake, la baba yake na la kijiji chake.

"Belahi ilichukuliwa na mto," Jagesar anasema taratibu. "Nilitoka kibaruani nikakuta maji matupu. Phulmati na mtoto walikufa."

"Phulmati ni mama yangu. Tulihamia ng'ambo ya mto. Wewe umemjulia wapi, mzee?"

"Tetri," anamwita. Ni jina la Sunaina la utotoni, la nyumbani tu.

Sunaina anakaa chini kwenye vumbi la mawe.

Ni miaka kumi na tisa. Walimngoja kumi na miwili, kama desturi inavyotaka, kisha wakafunga majani makavu kwa umbo la mtu wakayachoma kama maiti yake. Phulmati akavunja bangili zake za ndoa, akavaa nyeupe ya ujane.

"Nilikuchoma mwenyewe," Sunaina anasema. "Nilikuwa na miaka kumi na sita. Mimi ndiye niliyewasha moto."

Jagesar anakaa chini kando yake.

Sunaina anampigia mama yake. Sauti kavu inajibu: "Mwambie huyo marehemu aje mwenyewe. Nimevaa nyeupe miaka saba, sitamalizana naye kwenye simu."

Jumapili wanapanda treni. Jiwe wanalibeba na neno lake moja, jina litasubiri. Jagesar amenunua bangili nyekundu, seti tatu, kila moja na kipimo chake. Namuuliza kwa nini tatu.

"Mkono wake siukumbuki," anasema.