Majuma Matatu Bila Neno

Mwaka wangu wa pili wa kufundisha Walikale, koo lilinikatalia. Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Darasa lilijaa watoto, mvua ya msituni ilipiga mabati, nami nikashindana nayo kwa kupaza sauti. Likizo kubwa ilipofika sauti yangu ilikuwa inakwaruza kama ya mbuzi mgonjwa.

Muuguzi wa zahanati alinichungulia kooni, akanipa vidonge vya vitamini na chupa ya mafuta ya samaki.

"Mwalimu, hizi ni za kusaidia mwili tu, maana umekonda," alisema. "Dawa ya sauti njo kunyamaza. Majuma tatu. Hata kunong'ona, hapana. Asubuhi ufunge mudomo, uvume kidogo kidogo kama nyuki. Basi."

Nilinyamaza, lakini vidonge nilimeza mara mbili ya alivyosema, nikidhani vitazifupisha siku. Havikufupisha kitu.

Hilo lilikuwa kosa dogo. Kubwa ni kwamba sikumjulisha mke wangu. Tulikuwa tumeoana mwaka ule ule. Nilimtoa kwao Bihambwe, kwenye vilima ambako mtu husalimiana na jirani aliye kilima cha pili, nikamleta msituni, ambako Kihunde chake hakikuwa na wa kukijibu ila mimi. Sauti yangu mbovu alikuwa ameizoea. Walimu wengi hukauka sauti. Lakini jana nilikuwa nikisema naye kwa sauti hiyo hiyo mbovu, na leo neno hakuna. Niliona aibu. Niliogopa kwamba akiwaambia wanawake wa mtoni, habari itafika kwa mkuu wa shule na nafasi yangu atapewa mwingine. Mke wangu kusoma hakujua, lakini muuguzi alikaa karibu, ningeweza kumwita aeleze. Sikumwita.

Siku ya tatu mke wangu aliniuliza, "Mwalimu, nimekukosea nini?" Nikapunga mkono, kama mtu anayefukuza nzi.

Jirani yetu, mama mmoja mwenye ulimi, alinikuta nakunywa mafuta yangu. Akacheka.

"Dada, angalia bwana yako! Anajinenepesha peke yake, na hasemi. Anatafuta bibi ya pili, huyu!"

Mke wangu hakucheka. Kesho yake asubuhi alinifuata nyuma ya nyumba, akanikuta nimesimama kwenye migomba, mdomo nimefunga, navuma zoezi langu.

"Ah! Kumbe sauti iko," alisema. "Migomba unaiimbia. Miye, hata jambo unaninyima."

Nilikuwa na siku tano tu za kumaliza. Nikajiambia, avumilie, nitamweleza yote kwa mara moja, kwa sauti nzuri. Keshokutwa yake alipanda lori la mafuta ya mawese lililokuwa linaelekea Masisi, upande wa kwao. Nilimwona akifunga kitenge juu ya mzigo wake. Sikufungua mdomo.

Sauti ilirudi, safi. Shule ilifunguliwa, nikafundisha. Sikwenda kumfuata mpaka Noeli. Nilitaka yeye ndiye atume habari kwanza. Hilo nalo ni kosa langu.

Bihambwe nilimkuta uani akichambua maharagwe. Baba mkwe alinikaribisha, akasema, "Kama una maneno, sema naye." Nikasema. Nilieleza koo, vidonge, mafuta, majuma matatu, aibu yangu. Mke wangu alinisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kazi.

"Mukono ulikuwa nao," alisema. "Ungegusa koo kwa kidole, ningeelewa. Wewe ulinifukuza nao."

Nikamwomba turudi. Akatikisa kichwa kukataa, akabeba ungo wake akaingia jikoni.

Mchana waliniletea maharagwe na muhogo, kama mgeni. Nilikula peke yangu sebuleni. Nyuma, jikoni, nilimsikia akiongea na dada zake kwa Kihunde, haraka haraka, wakikatana maneno, na mara wote wakaangua kicheko.