Mama Teta Akaa Matanga Washington

Sharti la Teta lilikuwa moja tu, asiaibishwe. Mama yake angeweza kwenda Washington na darasa la nane kama mzazi wa kusindikiza watoto, lakini asiongee kwa sauti, asigawe chakula ndani ya basi, na asimuite kwa kupiga kelele kama anaita ng'ombe bondeni. Ukiyaangalia vizuri hayo ni zaidi ya sharti moja, ila Mama Teta hakubisha. Msichana wa miaka kumi na tatu akikubali kuonekana nawe hadharani, unashukuru na kunyamaza.

Mama Teta ni mtu wa milima ya Kivu ya Kusini. Siku hizi anakaa Whitehall, pembeni ya Columbus, na kazi yake ni kupanga viatu kwenye maboksi katika ghala moja kubwa lisilo na madirisha. Alibadilishana zamu na rafiki yake Jolie ili apate nafasi ya safari hiyo, na hakuifuata Ikulu wala makumbusho. Alimfuata Teta. Mtoto alianza kwa kumjibu kwa Kiingereza, kisha akawa anatangulia mbele wakiingia dukani, na mwaka huu ameomba awe anashushwa kwenye gari kabla ya kufika geti la shule. Mama huyu aliyavumilia mengi maishani mwake. Kilichomtisha sasa ni kumpoteza binti ambaye bado anamlisha mwenyewe.

Mdogo wake Uwase, anayeishi Louisville, alimpa ushauri kwa simu, akimwita yaya kama kwao wanavyomwita dada mkubwa. "Yaya, ukifika kule uangalie, ucheke kidogo, ufunge kinywa. Bon, ni hivyo tu."

Na kweli alikifunga. Kwenye makumbusho ya ndege alitazama roketi bila kuuliza neno. Kwenye makumbusho mengine alipita chini ya mifupa ya mnyama mrefu kuliko nyumba, akatabasamu tu. Mchana, kwenye basi, Teta alisinzia na kumwegemea begani mbele ya wenzake, na Mama Teta akakaa bila kujisogeza hata mkono ulipokufa ganzi. Alikuwa na furaha kubwa.

Kisha wakafika kwenye ukuta.

Ni ukuta mweusi wa mawe yanayong'aa, mrefu, umechimbiwa ndani ya ardhi, na umeandikwa majina tangu juu hadi chini. Mwalimu alieleza kwamba hao ni wanajeshi waliokufa katika vita vya Vietnam. Kiingereza cha Mama Teta ni cha ghalani, lakini neno "majina" alilisikia, na "walikufa" alilisikia. Akaona maua yamewekwa chini, na picha, na barua. Akamwona mzee wa Kizungu mwenye kofia, peke yake, ameweka vidole juu ya jina moja na analia bila sauti. Basi, Mama Teta akaelewa wamefika wapi. Wamefika kwenye kilio.

Na kwao kilio hakipitwi kama duka. Hata uwe na haraka gani, unaingia, unawapa mkono waliofiwa, unakaa nao chini, mnanyamaza pamoja kidogo, ndipo unaomba njia ya kuondoka. Darasa zima lilikuwa linapita huku linapiga picha. Miguu ya Mama Teta ikakataa.

Alianza na waliokuwa karibu. Alimshika mikono miwili bwana mmoja mwenye kaptura, akainama, akamwambia pole kwa Kiingereza, kisha mkewe, kisha kijana aliyekuwa anakula viazi vya pakiti. Watu wale walikuwa watalii tu, hawakufiwa na mtu, na yule kijana alibaki na pole yake mkononi hajui aiweke wapi. Mama Teta hakujua hilo. Alipomfikia mzee, alifungua kitenge alichojifunga juu ya suruali, akakitandika pale njiani, akakaa na kunyoosha miguu.

Teta alikuja mbio, uso umemwiva. Nyuma yake wenzake walikuwa wameinua simu.

"Mama, inuka," alisema kwa Kiingereza, meno ameyabana. "Watu wanatuangalia."

"Teta, huyu mutu iko mu kilio. Hatupitake tu hivi."

"Siyo kilio. Ni mambo ya zamani."

"Zamani ya nani? Si unaona analia?"

Mzee aligeuka, akamuuliza msichana mama yake ana shida gani. Teta alitamani kujibu kwamba amechoka tu. Lakini hakulelewa hivyo, akasema ukweli huku anatazama viatu vyake, kwamba kwao mtu aliyefiwa haachwi peke yake, kwa hiyo mama amekuja kukaa naye, na samahani.

Mzee alishika ukuta, akajishusha polepole, magoti yakimsumbua, akakaa juu ya kitenge. Akawaonyesha jina la kaka yake mkubwa, yule aliyemfundisha kuogelea. Alisema watu wanapomkuta pale humshukuru sana kwa kaka yake aliyeifia nchi, kisha wanaondoka. Halafu akauliza: na mama huyu, yeye alimpoteza nani?

Teta alitafsiri upesi, akidhani jibu litakuwa babu.

Mama Teta angeweza kusema babu. Lakini pale chini, karibu na machozi ya mtu mwingine, uongo haukumjia. Kabla ya Teta watu walimwita Mama Cyubahiro. Teta alipozaliwa ndugu wakalibadilisha jina hilo wenyewe, kwa huruma, naye akawaacha, kwa sababu alitaka huyu mtoto akue bila maiti mgongoni.

"Umuambie nilikuwa na mutoto mbele ya wewe kuzaliwa. Kijana. Alikufa mu njia, tukikimbia vita. Jina yake Cyubahiro. Tulimuzika pembeni ya njia, hatukuandika kitu."

Teta alimtazama mama yake, mdomo wazi. Mbali kidogo mwalimu alikuwa anawaita waende. Mama Teta akaogopa. Lile sharti la kutomwaibisha lilikuwa limevunjika, na juu yake amemtwisha mtoto msiba katikati ya matembezi yake.

"Bon, acha," alisema, akianza kukunja miguu. "Usimuambie. Tuende."

Teta hakwenda. Alikaa juu ya kitenge, mbele ya simu zote zile, akamgeukia mzee. Kwa kawaida Kiingereza chake humpita mama yake mbio. Safari hii alisema polepole, na Mama Teta akalisikia kila neno.

"Ni kaka yangu," alisema Teta. "Anaitwa Cyubahiro."